Maji kwa zamu: mafuta zaidi kutoka visima vya zamani

Uganda imekadiria kuwa na mapipa zaidi ya bilioni 6 ya mafuta ghafi ardhini, lakini yanayotarajiwa kutolewa ni sehemu ndogo tu ya hayo. Mwekezaji anayesoma tarakimu ya kwanza na kuiruka ya pili anaweza kununua hisa za mafuta ambayo hayatapanda juu kamwe. Je, tofauti hiyo husababishwa na nini, na yaweza kupunguzwa?

Mafuta hayakai chini kama yaliyo ndani ya tangi. Yamo katika vitundu vidogo vya mwamba. Kisima kinapoanza kazi, shinikizo la asili huyapandisha. Likipungua, kampuni huingiza maji ardhini ili yayasukume mafuta kuelekea visima vya uzalishaji. Tatizo ni kwamba maji hufuata njia rahisi. Yakikuta nyufa hupita humo moja kwa moja, na mafuta hubaki kwenye mwamba mgumu ulio pembeni. Hapo kampuni hulipia kuingiza maji, ikavuna maji yale yale.

Dawa mojawapo ni kuingiza maji kwa zamu. Kwa muda fulani maji huingizwa kwa wingi. Shinikizo hupanda na kuyalazimisha kupenya hadi ndani ya mwamba mgumu. Kisha pampu husimamishwa. Shinikizo hushuka kwanza kwenye nyufa, na mafuta yaliyobanwa hutanuka na kutoka kuelekea huko. Maji mengi hubaki nyuma, kwani mwamba huyanyonya kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta ya taa. Baadaye zamu hurudiwa.

Mfano unaojulikana ni eneo la Spraberry, magharibi mwa Texas nchini Marekani, lililogunduliwa mwaka 1949. Mwamba wake una nyufa nyingi, na shinikizo la asili peke yake lilitarajiwa kutoa chini ya asilimia 10 ya mafuta yaliyomo. Mwaka 1963 wahandisi Lincoln Elkins na Arlie Skov wa kampuni ya Sohio walieleza matokeo ya zamu katika sehemu moja ya eneo hilo. Mafuta yalitoka kwa kasi iliyozidi kwa angalau asilimia 50 ile ya kuacha mwamba unyonye maji chini ya shinikizo lisilobadilika, tena yakiwa na maji kidogo. Wataalamu wa Kisovieti nao waliitumia njia hii huko Romashkino, Tatarstan.

Kibiashara, faida kubwa ni kuwa visima na pampu vilivyopo hutumika, hivyo mtaji wa ziada si mkubwa. Lakini visima vya uzalishaji vikifungwa wakati wa kuingiza maji, mauzo hupungua. Aidha, kila zamu huelekea kutoa mafuta pungufu kuliko iliyotangulia, na mwamba usio na nyufa wala matabaka yanayotofautiana haunufaiki sana.

Kwa hiyo, ripoti ya robo mwaka ikionyesha uzalishaji umeshuka, mwenye hisa asikimbilie kuuza kabla ya kuuliza maswali matatu. Visima vimefungwa kwa zamu, au vinaishiwa? Katika kila mapipa 100 yanayopanda, mangapi ni maji? Na gharama ya pipa la ziada iko chini ya bei ya soko? Majibu hayo yana uzito kuliko idadi ya mapipa yaliyoko ardhini.