Oska wa Mume Wangu

Mume wangu alipomleta oska nyumbani, samaki mwenyewe hakuzidi kidole gumba. Nikamtia na visamaki vyangu vya rangi. Miezi michache baadaye nikahesabu: hakuna hata kimoja! Kumbe oska, mwenyeji wa mto Amazon, ni mwindaji. Kinachoenea mdomoni mwake ni chakula.

Nilinuna siku mbili. Halafu tukakaa tukaongea, jambo ambalo tungelifanya kabla ya kununua. Oska hufikia sentimeta 30 na huweza kuishi zaidi ya miaka 10. Anataka tangi la lita 300 hivi. Maji peke yake ni kilo 300, kwa hiyo sahau meza ya TV. Kila wiki robo ya maji hubadilishwa, karibu ndoo nne kubwa. Na pesa ya tangi? Ile ya likizo yetu ya Zanzibar.

“Basi tukammwage mtoni yaishe,” mwenzangu akasema. Hapo nikagoma. Sangara walipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na baadaye aina nyingi za furu zikatoweka. Kosa la mwenye samaki lisilipwe na mto.

Tukaafikiana: Zanzibar isubiri, tangi linunuliwe, ndoo za Jumamosi ni zake. Hadi leo anazibeba, nami sinuni tena.

Wewe je? Kabla hujamletea mpenzi wako kiumbe mzuri, muulizane kwanza: ndoo atabeba nani?