Mita 800 Kutoka Stesheni

Bango lilisimikwa Jumanne asubuhi kwenye majani mbele ya jengo letu hapa Edmonds, Burnaby. Ni ubao mkubwa mweupe wenye ramani ndogo, mchoro wa mnara wa vioo, na maandishi ambayo mtu aliyebeba mifuko ya sokoni hawezi kuyamaliza kabla mikono haijamuuma. Jioni aligonga mlango jirani yangu wa ghorofa ya pili, mama wa Uvira aliyefika Kanada kupitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Alikuwa amelipiga bango picha kwa simu.

"Papa, hawa watu wanasema parseli yetu iko karibu sana na treni. Sasa hilo ni kosa la nani?"

Nikacheka, halafu nikaona aibu kwa kucheka. Mimi nimekulia Dar es Salaam, na huko kukaa karibu na barabara kubwa ni neema mpaka siku unapoamka ukaikuta X nyekundu ya bomoabomoa ukutani. Hapa hawachori X. Wanaweka bango la heshima na kukupa namba ya simu ya kupiga ukiwa na swali. Lakini moyo hushtuka vilevile, na swali la yule mama ni la haki: kwa nini umbali kutoka nyumba hadi stesheni uamue kama nyumba itabaki?

Jibu limo katika sheria iliyopitishwa na bunge la jimbo la British Columbia mwishoni mwa Novemba 2023. Iliitwa Muswada Namba 47, na aliyeupeleka bungeni ni Ravi Kahlon, waziri wa nyumba wa wakati huo. Sheria iliziagiza halmashauri zichore duara kuzunguka kila stesheni ya treni ya SkyTrain na kila kituo kikuu cha mabasi kilichotajwa katika kanuni. Mwisho wa kufanya hivyo ulikuwa 30 Juni 2024.

Kwa stesheni za treni za eneo la Vancouver na miji jirani, duara lina pete tatu. Kiwanja kilicho ndani ya mita 200, mwenye nacho akiomba kujenga hadi ghorofa 20, halmashauri haiwezi kumkatalia kwa hoja kwamba jengo ni refu mno au lina watu wengi mno. Kati ya mita 200 na 400 ni ghorofa 12. Kati ya mita 400 na 800 ni ghorofa 8. Vituo vikuu vya mabasi vina pete mbili tu: ghorofa 12 ndani ya mita 200, na 8 hadi mita 400. Miji kama Victoria na Kelowna ina jedwali lake lenye majengo mafupi zaidi.

Pembeni ya hesabu ya ghorofa kuna namba nyingine ambayo watu wengi huiruka, nayo ndiyo yenye uzito: uwiano wa sakafu na kiwanja. Katika pete ya kwanza ni 5, ya pili 4, ya tatu 3. Yule mama nilimweleza kwa kanga, maana ndizo zilizokuwa zimeanikwa mbele yetu. Chukulia kiwanja cha mita za mraba 2,000. Tandika kanga moja inayokifunika chote, pindo kwa pindo: huo ni uwiano wa 1. Ukipewa uwiano wa 3 una kanga tatu za ukubwa huo, yaani mita za mraba 6,000 za sakafu. Kuzikunja ni hiari yako. Ukizitandaza zote zilivyo utapata jengo la ghorofa tatu lililojaa kiwanja kizima, hata pa kuanika nguo hapana. Ukizikunja zikawa tabaka nane, kila sakafu inakuwa na mita 750 na unabakiwa na mita 1,250 za bustani, njia na hewa. Kitambaa ni kilekile. Kilichobadilika ni mkunjo.

Ndiyo maana sheria imezifunga namba zote mbili pamoja. Halmashauri isiyotaka majirani wapya ingeweza kusema kwa upole, "Jengeni ghorofa 20," halafu ikatoa kitambaa cha kutosha ghorofa sita. Mwendelezaji angepiga hesabu, akakunja ramani zake na kwenda zake.

Kwa nini jimbo liliingilia kazi ambayo ni ya miji? Panda Expo Line, ile reli iliyofunguliwa Desemba 1985 kwa ajili ya maonyesho ya Expo 86, ushuke stesheni ya 29th Avenue au ya Nanaimo, ndani kabisa ya jiji la Vancouver. Ukitoka nje utadhani umekosea kituo. Kuna miti, nyumba za familia moja moja zenye bustani mbele, mbwa anakuangalia kutoka barazani. Treni inapita kila dakika chache kwa takriban miaka arobaini sasa, imejengwa kwa kodi za watu wote, na kwa sehemu kubwa ya muda huo kanuni za ardhi ziliwaruhusu watu wachache tu kulala karibu nayo. Anayesafisha ofisi za mjini usiku alipangiwa mbali, akapewa mabasi mawili kabla ya kuifikia treni. Katika hili mimi niko upande wa jimbo bila kigugumizi.

Nikiwa upande wake, bado nayaona mambo matatu ambayo vikao vyetu vya chai huyasema kinyume.

La kwanza, watu husema serikali "imebadilisha" viwanja. Haijabadilisha. Mwenye kiwanja lazima bado aombe kubadilishiwa matumizi ya ardhi, na halmashauri bado inaweza kukataa kwa sababu nyingine. Hakuna anayelazimishwa kuuza wala kujenga. La pili, ghorofa 20 si dari. Hicho ni kiwango ambacho halmashauri haiwezi kushuka chini yake kwa hoja ya urefu. Ikitaka kuruhusu zaidi, ruhusa iko mikononi mwake. Hapo Metrotown, humu humu Burnaby, kuna minara ya zaidi ya ghorofa 40, na haikuisubiri sheria hii.

La tatu ni kipimo chenyewe. Mita 800 zinahesabiwa kwa mstari ulionyooka, kama anavyoruka kunguru. Kama kati yako na stesheni kuna korongo au barabara kuu, na mguu wako unatembea dakika ishirini kuzunguka, sheria haiulizi mguu. Kwa hiyo usitegemee programu ya ramani inayokuonyesha njia ya kutembea. Ingia kwenye ramani ya halmashauri yako uangalie duara limepita wapi.

Kuna kifungu kimoja ambacho ningependa tukijadili zaidi kwenye jumuiya, nacho ni cha maegesho. Ndani ya duara, halmashauri haiwezi tena kudai nyumba za kuishi zitenge idadi fulani ya nafasi za magari, isipokuwa zile za watu wenye ulemavu. Sababu inaeleweka. Nafasi moja iliyochimbwa chini ya ardhi hugharimu makumi ya maelfu ya dola, na gharama hiyo huangukia kodi ya kila mpangaji, hata asiye na gari. Lakini SkyTrain haikeshi. Baada ya usiku wa manane treni ya mwisho ikipita, muuguzi anayetoka zamu saa tisa za usiku na dereva wa teksi hawana stesheni hata wakiishi mlangoni pake. Na sisi tuna wengi wa hao. Mwendelezaji anaruhusiwa kuchimba maegesho akipenda. Swali la kumuuliza mapema ni nafasi ngapi, na je, zinakodishwa mbali na nyumba.

Mabadiliko mengine yalikuja katika msimu huohuo wa bunge, kupitia Muswada Namba 44. Pale ombi la kujenga nyumba za kuishi linapokubaliana na mpango mkuu wa mji, halmashauri hairuhusiwi tena kuitisha kikao cha hadhara cha kulijadili. Zamani tulizoea kwenda siku hiyo, tukapewa dakika tano za kipaza sauti, tukasema. Sasa sauti inasikilizwa mapema zaidi, mpango mkuu unapoandikwa au kufanyiwa mapitio. Mikutano hiyo huwa mikavu, ina ramani za rangi na biskuti, na watu wetu hawaendi. Bango likishasimama kwenye majani, sehemu kubwa ya mazungumzo imeshapita.

Sasa niingie kwenye jambo lililomleta yule mama mlangoni kwangu. Nimesoma sheria ile ya pete mara kadhaa. Inampima mwenye kiwanja kutoka stesheni. Anayelala ndani ya nyumba haimpimi. Kinga ya mpangaji imeandikwa kwingine, na haitegemei mita. Inategemea aina ya nyumba unayokaa.

Burnaby ililipata somo hili kwa uchungu. Kusini mwa Metrotown kulikuwa na mitaa ya majengo ya mbao ya ghorofa tatu, ya kizamani, yenye kodi nafuu. Miaka ya 2010 yalianza kubomolewa moja baada ya jingine ili minara isimame, na wapangaji wakatawanyika. Watu wa huku wakawa hata na neno lake, nusu kubomoa nusu kufukuza. Mwaka 2018 Derek Corrigan, meya tangu 2002, aliangushwa kwenye uchaguzi na Mike Hurley, zimamoto mstaafu, na suala hilo lilichangia sana. Mwaka 2020 jiji likapitisha sera ya kuwasaidia wapangaji ambayo naiona kati ya zilizo bora zaidi katika nchi hii. Jengo la kupangisha lenye nyumba tano au zaidi likibomolewa kupisha mradi mpya, mpangaji anayestahili husaidiwa kuhama na hulipiwa tofauti ya kodi wakati anasubiri. Jengo jipya likikamilika ana haki ya kurudi kwenye nyumba yenye idadi ileile ya vyumba, kwa kodi yake ya zamani pamoja na nyongeza zilizoruhusiwa kisheria tu.

Isome tena ile namba: tano au zaidi. Jengo letu lina nyumba ishirini na mbili, kwa hiyo tumo. Lakini hesabu jamaa zako walioanzia maisha ya Kanada kwenye besimenti ya nyumba ya mtu. Mimi nilianzia huko, dirisha likiwa usawa wa majani, nikawajua wapita njia kwa viatu vyao. Pete ya tatu, ile ya mita 400 hadi 800, imejaa nyumba za namna hiyo. Mwenye nyumba akiuza na nyumba ikabomolewa, sera ile haikuandikwa kwa ajili ya mtu wa besimenti. Anabaki na sheria ya kawaida ya upangaji ya jimbo: notisi ya miezi minne, itolewe baada ya vibali kupatikana, na fidia ya kodi ya mwezi mmoja. Kama notisi ina kasoro ana siku 30 za kuipinga. Mtu aliyekaa mahali miaka tisa huku nyongeza ya kodi ikibanwa na jimbo (asilimia 3.5 mwaka 2024, asilimia 3 mwaka 2025) analipa pungufu sana ya bei ya soko. Akitolewa anaangukia sokoni mzima mzima.

Nao wachache wetu waliofanikiwa kununua nyumba ndani ya duara wameanza kupigiwa simu. Mtu mwenye sauti tamu anasema anawakusanya majirani wauze pamoja. Hadanganyi kuhusu kukusanya: kiwanja cha kawaida cha Vancouver, futi 33 kwa 122, hakibebi jengo la ghorofa nane peke yake. Lazima viunganishwe kadhaa, na thamani ya chako inategemea jirani amesaini au bado. Hapo ndipo watu husainishwa karatasi ya kushikilia bei kwa miezi mingi kwa malipo kidogo, wakadhani wameuza. Wakili wa ardhi atakutoza fedha kidogo ukilinganisha na kosa hilo.

Tuliketi na yule mama mpaka saa nne usiku. Nikampimia kwenye ramani ya jiji: tumo pete ya pili, ghorofa 12. Mchoro kwenye bango ni mrefu zaidi ya hapo, maana yake mwendelezaji anaomba zaidi ya kile ambacho halmashauri inalazimika kukiridhia, na hilo halmashauri iko huru kulijadili naye. Nikamwambia kati ya bango na kubomolewa huweza kupita miaka, na asisaini karatasi yoyote ya kukubali kuondoka mapema kwa sababu tu imeambatanishwa na hundi. Kisha nikamuuliza kama bado ana mkataba wake wa kwanza wa kupanga, ule wenye tarehe, maana ndio utakaoonyesha ameanza lini kukaa hapa.

Akashuka, akarudi na bahasha ya plastiki iliyofungwa kwa mpira. Ndani kulikuwa na kadi ya mgao ya Nyarugusu, karatasi ya kliniki ya kila mtoto, tiketi ya ndege ya mwaka waliokuja, na chini kabisa mkataba, umekunjwa mara nne.

"Karatasi mimi situpi," akasema, akaanza kuinyoosha juu ya meza kwa kiganja.