Gari Likilia, Lisikilize Kabla ya Kununua Spea

Hapana mtu anayenunua gari kwa nia ya kulipeleka gereji kila Jumamosi. Mfanyakazi hujinyima kwa miaka, hukopa katika chama cha akiba na mikopo, huuza magunia ya mahindi au kahawa ya shamba la wazazi, kisha siku moja ufunguo unakuwa mkononi. Mwezi wa kwanza ni wa shangwe. Mwezi wa pili husikika mlio. Hujui unatoka wapi. Leo upo, kesho haupo; ukimchukua fundi akausikilize, gari linanyamaza kama mtoto aliyefikishwa kwa mganga. Tangu siku hiyo raha ya gari huondoka nyumbani, na mahali pake huingia hofu na gharama.

Katika mji wa Mlowo, wilayani Mbozi, jambo hili linawahusu wengi. Mlowo uko kwenye barabara kuu ya TANZAM, itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma na kuvuka hadi Zambia. Kila siku hupita hapo magari yaliyokwisha kutumika Japani. Mengine yanapita tu kwenda Zambia na Kongo, nayo wananchi wameyazoea kwa jina la magari ya IT. Mengine ni ya wenyeji wa Mkoa wa Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Hapo hapo Mlowo huchepuka njia ya kwenda Kamsamba. Basi gari moja huweza kukimbia juu ya lami asubuhi, na mchana likawa ndani ya vumbi au matope mekundu. Ni gari gani lisilolalamika?

Tatizo kubwa ni desturi yetu ya kubahatisha. Mwenye gari hufika gereji na kusema neno moja tu: "Linalia." Fundi naye, badala ya kuuliza, hutaja kifaa. Shokapu zinabadilishwa, mlio upo. Bushi zinabadilishwa, mlio upo. Tairodi zinanunuliwa, mlio umehamia upande wa pili. Mwisho wa mwezi ada ya shule imeliwa na spea, na ugonjwa wenyewe haujaguswa. Daktari asiyemuuliza mgonjwa anaumwa wapi na tangu lini, tungemkimbia. Kwa nini basi gari tulitibu kwa namna hiyo?

MASWALI MANNE

Kabla ya kwenda gereji, chukua daftari na kalamu, zima redio, funga vioo, kisha ujiulize maswali manne.

La kwanza: mlio unafuata injini au magurudumu? Simamisha gari, vuta breki ya mkono, weka gia huru, kisha kanyaga mafuta polepole. Ukiusikia mlio ule ule hali gari limesimama, tafuta kwenye injini na vitu vilivyofungwa juu yake. Usipousikia, nenda mahali pa tambarare pasipo na magari mengi. Endesha kilomita 60 kwa saa kwa gia ya tatu, kisha kwa mwendo ule ule tia gia ya nne. Injini sasa inazunguka polepole zaidi, lakini magurudumu yanazunguka vile vile. Mlio usipobadilika, huo ni wa magurudumu au vitu vinavyozunguka pamoja nayo. Kwa gari lenye gia za kujiendesha, kitufe cha O/D hukupa jaribio hilo hilo. Usijaribu kamwe kuzima injini gari likiwa katika mwendo, maana usukani utakuwa mzito na breki zitapoteza msaada wake.

La pili: hubadilika ukikata kona? La tatu: hubadilika ukikanyaga breki? La nne: huja juu ya mashimo na matuta tu, au hata penye lami laini?

Andika pia unausikia au kuuhisi wapi. Mtetemo wa usukani aghalabu hutoka magurudumu ya mbele. Mtetemo wa kiti na sakafu aghalabu hutoka nyuma, au kwenye propela shafti kwa magari yenye shafti hiyo. Hapa familia nzima ina kazi. Dereva yuko mbali na magurudumu ya nyuma, na masikio yake yamejaa sauti ya injini. Mama aliyekaa kiti cha nyuma, au kijana wenu, huweza kuutambua upande kabla ya baba. Asidharauliwe anaposema, "Nausikia huku."

USUKANI UNATETEMEKA

Gari linakwenda vizuri hadi kilomita 80 kwa saa. Likifika 90 usukani unatetemeka. Likipita 110 linatulia tena. Hiyo ni dalili mashuhuri ya gurudumu lisilo na uzito ulio sawa pande zote. Pengine utasema, gramu chache zitafanya nini? Tupige hesabu. Tairi la gari dogo la rimu ya inchi 14, gari likiwa katika kilomita 90 kwa saa, huzunguka zaidi ya mara 13 kwa sekunde. Gramu 50 zilizozidi ukingoni mwa rimu huvuta nje kwa nguvu ya kama kilo 6, na mvuto huo hubadili upande katika kila mzunguko. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Ndiyo sababu ndani ya mji huhisi kitu, na barabara kuu ikakutia hofu.

Gramu hizo hutoka wapi? Huenda kipande cha risasi kilichobandikwa kwenye rimu kimeanguka. Lakini kwa anayetoka njia ya matope, sababu yaweza kuwa rahisi kuliko zote: udongo umeganda upande wa ndani wa rimu, mahali ambapo mwosha magari hafiki. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni maji na burashi. Ukiisha kuosha na mtetemo ukabaki, ndipo uende kubalansi magurudumu. Ukibaki tena, rimu ichunguzwe kama imepinda, na tairi lichunguzwe kama limevimba.

Usukani ukitetemeka pale tu unapokanyaga breki, na kanyagio nalo likakusukuma mguu, tazama diski za mbele. Zimechakaa bila usawa. Hutokea sana kwa wanaoteremka mlima mrefu, kama ule wa Iwambi, mguu ukiwa juu ya breki tangu juu hadi chini. Teremka kwa gia ndogo, injini ikusaidie kuzuia gari, na breki zipate kupumua.

MVUMO NA MGONGANO

Mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, kama wa ndege iliyo mbali, una watuhumiwa wawili: beringi ya gurudumu na tairi lenyewe. Kuwatenganisha si kazi ngumu. Ukitoka kwenye lami yenye kokoto kubwa ukaingia kwenye lami laini, sauti ya tairi hubadilika, ya beringi haibadiliki. Kisha, penye nafasi na usalama, pinda kidogo kushoto halafu kulia. Ukipinda kushoto uzito wa gari hulalia upande wa kulia. Mvumo ukizidi hapo, shuku beringi ya kulia. Ukizidi unapopinda kulia, shuku ya kushoto.

Magari ya Japani yana jambo lake. Baadhi hufika yakiwa na matairi ya majira ya theluji, yenye mpira laini na mikato mingi midogo, na mara nyingine neno STUDLESS huonekana ubavuni. Hayo huvuma na kuisha upesi katika joto letu. Tazama pia umri wa tairi: ubavuni mna tarakimu nne ndani ya duara refu, mbili za wiki na mbili za mwaka. Ukisoma 3216, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2016. Tairi la zamani huweza kung'aa nje huku tabaka zake za ndani zimeanza kuachana.

Sauti ya "tak, tak, tak" unapokata kona kali, kama unapogeuza gari uwanjani, ni dalili ya jointi ya shafti ya mbele katika magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kama vile Toyota Corolla nyingi. Jointi hiyo hukaa ndani ya buti la mpira lililojaa grisi. Buti likipasuka grisi hurushwa nje na mchanga huingia ndani. Basi inama, uangalie upande wa ndani wa gurudumu: ukikuta grisi imetapakaa kabla jointi haijaanza kulia, aghalabu buti jipya na grisi safi vinatosha. Ukingoja hadi ilie, utanunua jointi nzima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mgongano wa "gdu" juu ya mashimo hutoka chini ya gari: linki za stabilaiza, bushi za mikono, shokapu au boljointi. Linki ni kitu kidogo, na mara nyingi hiyo ndiyo yenye hatia wakati shokapu zinahukumiwa. Mwambie fundi avijaribu kwa kuvishika na kuvitikisa kimoja kimoja, asitaje jina kabla ya kugusa. Boljointi iliyolegea isisubiri, maana ikichomoka gurudumu hulala na usukani hauna kazi tena.

GARI LIKIWA LIMESIMAMA

Kuna mtetemo unaokuja kwenye taa za barabarani, gari likiwa kwenye gia na mguu uko juu ya breki, ukapungua ukitia gia huru. Huo aghalabu ni wa mauntingi, yaani mipira inayoibeba injini. Lakini injini ikitetemeka kwa kurukaruka hata katika gia huru, na nguvu imepungua mlimani, chunguza plagi na koili. Kelele ya kukwaruza kama sufuria inayotikisika yaweza kuwa bati la kukinga joto la ekzosi lililolegea skrubu. Hilo ni la spana moja na dakika tano. Mlio mkali wa filimbi asubuhi ukiwasha gari ni wa mkanda uliolegea au kuchakaa.

Siku hizi gereji nyingi zina mashine ya kompyuta ya kusomea hitilafu. Ni chombo kizuri kwa habari za injini. Hata hivyo, haijui bushi iliyochoka wala udongo ulioganda kwenye rimu. Mashine haichukui nafasi ya sikio.

MILIO ISIYONGOJA KESHO

Milio mingine inavumilika hadi mwisho wa mwezi. Ifuatayo haivumiliki; simama mahali salama, weka pembetatu zako, ushushe watoto mbali na barabara.

Gurudumu linalogonga na kuyumba, hasa baada ya kubadilishwa tairi: huenda nati zimelegea. Yafaa kila gurudumu lililofunguliwa likazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Mdundo wa taratibu unaozidi kila dakika: tazama kama tairi limevimba. Breki zinazosaga chuma kwa chuma: mlio mwembamba uliotangulia ulikuwa onyo, kwani pedi nyingi zina ulimi mdogo wa chuma uliowekwa makusudi upige kelele zikikaribia kwisha. Mgongo mzito ndani ya injini pamoja na taa nyekundu ya oili: zima injini mara moja. Dakika chache za ukaidi hapo huweza kuua injini nzima.

Na unapochungulia mwenyewe, usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi imara, zuia magurudumu kwa mawe.

WEWE NA FUNDI

Ukifika gereji na daftari lako, usiseme, "Linalia." Sema: "Linavuma kuanzia kilomita 70, linazidi nikipinda kushoto, breki hazilibadilishi." Fundi hodari atafurahi, maana umempunguzia nusu ya kazi. Mwombe aingie garini mzunguke pamoja, naye asikie kwa masikio yake. Kitu kibadilishwe kimoja kwa wakati mmoja, kisha gari lijaribiwe, na kifaa cha zamani urudishiwe ukione. Fundi anayechukizwa na haya, mshukuru na uende kwa mwingine.

Anayetaka kununua gari naye asidanganyike na rangi. Fika injini ikiwa baridi, kwa sababu injini iliyotangulizwa kupashwa moto huficha milio yake. Muuzaji akiwasha redio kwa sauti kubwa wakati wa majaribio, izime kwa adabu. Ingia barabara mbaya, ingia barabara nzuri, kata kona zote mbili, funga breki. Nusu saa hiyo ni rahisi kuliko mwaka wa majuto.

Barabara hii ya Mlowo si ya mchezo. Ina malori mazito, ina milima, ina ukungu wa asubuhi, na kando yake wanatembea watoto wetu waendao shule. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Gari haliwezi kuficha maradhi yake; lenyewe linasema kila siku. Anayeyaficha ni sisi, tunapoongeza sauti ya redio ili tusilisikie.