Moshi wa Isipingo: ruzuku ilinunua mitambo, nani ataitunza?

Wasomaji wetu wengi walilisikia jina la Isipingo kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Itakumbukwa kwamba mwishoni mwa mwezi Machi na katika mwezi Aprili mwaka huo, wahamiaji, wengi wao kutoka Kongo na Burundi, walifukuzwa katika nyumba na maduka yao katika kitongoji hicho cha kusini mwa mji wa Durban, Afrika Kusini, wakalala kwenye mahema katika uwanja wa michezo. Habari zile zilifika Bukavu, Bujumbura na Dar es Salaam kwa siku moja. Habari tunayoieleza leo haikupata umaarufu huo, ingawa imedumu kwa miaka mingi zaidi na inawahusu wenyeji na wageni kwa pamoja. Ni habari ya hewa wanayoivuta, na ya fedha za serikali zilizotumiwa kuisafisha.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe ilivyo. Durban ya kusini imekaa kama beseni. Upande wa bahari kuna kilima kirefu cha Bluff, upande wa bara kuna mwinuko mwingine, na katikati ni bonde lenye viwanda na nyumba vilivyochanganyika. Asubuhi za majira ya baridi hewa ya chini huwa nzito, haipandi, na moshi hutulia juu ya mapaa. Katika beseni hilo kiwanda cha kusafisha mafuta kilijengwa Wentworth mwaka 1954, ambacho baadaye kilimilikiwa na kampuni ya Engen. Mwaka 1963 kikafuata kiwanda cha Sapref, mali ya Shell na BP, huko Prospecton, jirani kabisa na Isipingo, chenye uwezo wa kusafisha mapipa 180,000 kwa siku. Ongeza hapo kiwanda cha karatasi cha Mondi kule Merebank, kiwanda cha magari cha Toyota, na uwanja wa ndege wa zamani uliofungwa mwaka 2010.

Walioishi kati ya mabomba hayo hawakujichagulia mahali. Sheria za ubaguzi wa rangi ziliwapanga: Merebank na Isipingo kwa watu wenye asili ya India, Wentworth kwa machotara, Lamontville na Umlazi kwa Waafrika, na Bluff kwa Wazungu. Hapa tuongeze jambo moja ambalo msomaji wa Pwani hatalijua kirahisi. Kule Bluff, mahali paitwapo Kings Rest, waliishi watu waitwao hadi leo Wazanzibari wa Durban. Ni kizazi cha watumwa waliokombolewa na manowari za Kiingereza na kuletwa kupitia Unguja kuanzia mwaka 1873, wengi wao wakiwa Wamakua. Serikali ya makaburu iliwaandikisha kama "Waasia wengine", na katika miaka ya 1960 ikawahamishia Chatsworth. Hivyo jamaa hao waliondoka kwenye moshi kwa sababu ambayo haikuwa na uhusiano wowote na afya zao.

Kwa miongo kadhaa mkazi wa bonde hilo hakuwa na namna ya kujua anavuta nini. Sheria ya hewa ya mwaka 1965 iliweka madaraka yote kwa afisa mmoja wa serikali kuu, na masharti aliyokuwa akiviwekea viwanda hayakutangazwa kwa umma. Sheria nyingine, ya mwaka 1980, ilivihesabu viwanda vya mafuta kuwa maeneo nyeti ya usalama wa taifa. Kwa maneno mengine, kuuliza juu ya moshi kulikaribia kuwa kosa la jinai. Mwaka 1995 Rais Nelson Mandela alipokwenda kuitembelea Engen, aliwakuta wananchi wameshika mabango njiani, akasimamisha msafara na kuzungumza nao. Tangu siku hiyo malalamiko ya kusini mwa Durban yakawa na mlango Pretoria, na muungano wa mazingira wa jamii za huko, SDCEA, ukapata nguvu.

Muungano huo ulianza kupima kwa ndoo. Si mzaha. Ni ndoo ya plastiki yenye mfuko maalumu ndani yake, ambayo mtu huifungua uani kwake harufu inapozidi, akanasa hewa na kuipeleka maabara. Ndoo haiwezi kupima mchana na usiku, lakini iliweza kumnyima mwenye kiwanda nafasi ya kusema kuwa harufu ile ni ndoto za watu. Mwaka 2002 wataalamu wa chuo kikuu cha huko Durban wakishirikiana na wenzao wa Michigan, Marekani, waliwachunguza watoto wa shule ya msingi ya Settlers, Merebank, iliyo kati ya viwanda viwili vya mafuta. Zaidi ya nusu ya watoto waliopimwa walikuwa na dalili za pumu.

Mpango wa serikali ulikuwa umetangazwa kabla ya hapo, mwezi Novemba mwaka 2000, na Waziri wa Mazingira wa wakati huo, Mohammed Valli Moosa. Uliitwa Mpango wa Vipengele Vingi, na fedha zake zilitoka katika hazina ya taifa, katika manispaa yenyewe ya eThekwini, na katika msaada wa Norway. Jambo la kuzingatia ni kwamba kazi ilikabidhiwa manispaa, wala haikubaki kwa wizara. Katiba ya Afrika Kusini inaitaja hewa chafu kuwa shughuli ya serikali za mitaa, lakini madaraka bila fungu ni maneno matupu, na halmashauri nyingi za bara letu zinalijua hilo vizuri.

Ruzuku hizo zilinunua nini? Zilinunua vituo vya kupimia hewa, vilivyoanza kazi kati ya mwaka 2003 na 2004, kimojawapo hapo Prospecton, ubavuni mwa Isipingo. Zilinunua utaalamu wa Taasisi ya Norway ya Utafiti wa Hewa, NILU, uliowezesha takwimu kufika ofisi ya manispaa bila kupitia mikononi mwa kiwanda. Ziligharimia utafiti wa afya katika shule saba za msingi, za kusini na za kaskazini mwa mji, na ripoti yake ya mwaka 2007 ikaonyesha kuwa watoto wa kusini walisumbuliwa zaidi na pumu. Tena, na kwa maoni yetu hili ndilo kubwa, ziliwalipa watu: maafisa wa afya wa manispaa waliojua kusoma tarakimu na kumkabili mhandisi wa kampuni bila kubabaika.

Maafisa hao walitumia silaha ndogo ya kisheria. Walichukua sheria ndogo za manispaa kuhusu vibali vya biashara, wakaviwekea viwanda vikubwa masharti ya kupunguza gesi ya salfa dayoksaidi, yaani ile gesi kali inayotoka mafuta yenye salfa yanapochomwa, na ambayo hubana kifua cha mgonjwa wa pumu kwa dakika chache tu. Viwanda vikaanza kubadili nishati vinayochoma na kufunga mitambo ya kunasa salfa. Gesi hiyo ilipungua sana katika vituo vya kusini ndani ya miaka michache. Sheria mpya ya hewa ya mwaka 2004 ilifuata njia hiyo hiyo kwa nchi nzima, ikawapa manispaa kubwa kazi ya kutoa leseni za moshi.

Laiti habari ingeishia hapo. Mpango ulikuwa na mwanzo na mwisho kama miradi yote, na fedha za mradi zilipokwisha, vituo vikarudi kwenye bajeti ya kawaida ya manispaa, vikigombea fungu na barabara, maji na taka. Kipimo cha hewa si tangi la maji ambalo likijengwa limejengwa. Kinataka gesi za kukisawazisha, vipuri kutoka ng'ambo, umeme usiokatika na fundi wa kukitembelea kila mara. Vituo vikaanza kunyamaza, na takwimu zikajaa mapengo. Tarehe 4 Disemba 2020, mlipuko ulipotokea katika kiwanda cha Engen na majirani wakajeruhiwa, wakazi walilalamika kwamba mitambo ya kupimia hewa ya mji wao ilikuwa haifanyi kazi siku walipoihitaji kuliko zote.

Baada ya mlipuko huo Engen iliamua kuacha kusafisha mafuta na kubaki na ghala la mafuta yanayoagizwa kutoka nje. Sapref nayo ilisimamisha kazi mwezi Machi 2022, na wiki chache baadaye mafuriko makubwa yakaizamisha Prospecton. Kwa hiyo moshi mwingi wa salfa juu ya Isipingo umepungua kwa uamuzi wa wafanyabiashara na nguvu ya maji, na manispaa haina cha kujisifia katika sehemu hiyo.

Kwa nini tunawaletea habari hii wasomaji wa Nairobi, Mombasa na kwingineko? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo inazipa kaunti kazi ya kudhibiti hewa chafu. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia watu sumu ya risasi, na walioanza kupiga kelele ni wakazi, si vipimo vya serikali. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, uamuzi uliofuatwa na rufaa. Desmond D'Sa wa SDCEA alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2014, na mwaka uliofuata akapewa Phyllis Omido wa Owino Uhuru. Ni fahari, lakini pia ni ushahidi kwamba katika miji yote miwili raia walifanya kazi iliyokuwa na ofisi yake.

Isipingo bado ina jambo mbele yake. Mwaka 2024 kampuni ya nishati ya serikali, Central Energy Fund, ilikubali kuinunua Sapref kwa randi moja, kukiwa na nia ya kurudisha siku moja usafishaji wa mafuta katika eneo hilo. Mwenye kiwanda sasa ni serikali, na mwenye kazi ya kukipa leseni ya moshi ni manispaa inayotegemea kwa sehemu ruzuku za serikali hiyo hiyo. Tungependa kuuona mstari wa matengenezo ya vituo vya hewa katika bajeti ya eThekwini kabla bomba la kwanza halijawashwa.