Jina la Chuo Kikuu Katika Fulana: Istilahi za Leseni ya Alama

Jina la chuo kikuu likisha kupata heshima huwa ni mali, na mali haikosi wenye kuitamani. Mchapaji huliweka katika fulana na kofia, mwenye kiwanda huliweka katika vikombe, mikoba na kalamu, na mnunuzi hukubali kulipa zaidi kwa sababu ya jina hilo kuliko ambavyo angelipa kwa kitambaa kitupu. Katika nchi kadhaa vyuo vikuu huruhusu matumizi hayo kwa mkataba na kwa malipo. Mfasiri anayepewa mkataba wa namna hiyo, au afisa anayetakiwa kuuandikia barua, hugundua mara moja kwamba maneno aliyoyazoea yanagongana. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi utaratibu huo unavyofanya kazi na kupendekeza istilahi zinazofaa kwa kila dhana.

1. Nembo, chapa, alama na hakimiliki

Maneno haya manne hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni mamoja. Zamani nembo ilikuwa chale au alama ya mwilini iliyomtambulisha mtu na kabila lake. Leo ni mchoro unaoitambulisha taasisi, kama tunavyosema Nembo ya Taifa. Chapa ni alama inayopigwa juu ya kitu, iwe ni kwa muhuri, kwa mashine au kwa chuma cha moto juu ya ng'ombe. Katika biashara imekuja pia kuwa na maana ya sifa ya bidhaa machoni pa wanunuzi. Alama ya biashara ni dhana ya kisheria: ni ishara yoyote inayomwezesha mnunuzi kutofautisha bidhaa za mtu mmoja na za mwingine.

Kwa hiyo kila nembo yaweza kusajiliwa kuwa alama ya biashara ikitimiza masharti, lakini si kila alama ya biashara ni nembo. Jina tupu laweza kuwa alama. Ufupisho wa herufi tatu waweza kuwa alama. Nchini Marekani, mwaka 2008, mahakama ya rufani ilikubali katika kesi ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana na wenzake kwamba hata mpangilio wa rangi za chuo, ukiambatana na dalili nyingine zinazokitambulisha, waweza kulindwa. Mfasiri atakayeandika "nembo" mahali penye "alama" atakuwa amepunguza mali ya chuo bila ya kujua.

Kosa la kuandika "hakimiliki" ni kubwa zaidi. Hakimiliki hulinda kazi ya mtunzi, kama vile kitabu, wimbo au mchoro, na huwa na kikomo cha miaka. Alama ya biashara haina kikomo maadamu inahuishwa na kutumiwa: kwa Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya Tanzania ya mwaka 1986, usajili huwa wa miaka 7 kwanza, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Mambo haya mawili yana ofisi mbili. Barua iliyoandikwa kwa neno lisilo lake hufika kwenye meza isiyo yake, na mwenye haki hupotewa na muda.

2. Utaratibu ulivyokua

Utaratibu huu ulistawi nchini Marekani, ambako michezo ya vyuo vikuu ina wapenzi wengi. Msingi wake wa kisheria ni Sheria ya Lanham ya mwaka 1946, inayokubali kwamba alama yaweza kutumiwa na mtu asiye mwenyewe, mradi mwenyewe asimamie ubora wa bidhaa. Mwaka 1981 Bill Battle, aliyepata kuwa kocha wa mpira wa miguu wa Kimarekani, alianzisha kampuni ya kuviwakilisha vyuo katika mikataba hii, na Chuo Kikuu cha Alabama kikawa miongoni mwa wateja wake wa mwanzo kabisa.

Hata hivyo si wote waliokubali kwamba chuo kina haki hiyo. Chuo Kikuu cha Pittsburgh kiliishtaki kampuni ya Champion Products, iliyokuwa imeuza mavazi yenye jina la chuo kwa miongo kadhaa. Mwaka 1983 mahakama iliamua kwamba chuo hakikuthibitisha kuwa wanunuzi wanakosea kuhusu mtengenezaji: mtu hununua fulana ili kuonyesha mapenzi yake kwa chuo, wala haulizi nani ameishona. Swali lilelile lilirudi katika jimbo lilelile la Pennsylvania, pale Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania kilipoishtaki kampuni ya Vintage Brand. Mwezi Novemba 2024 baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba chuo kina haki.

Kesi hizi zinatufundisha jambo la lugha. Alama huweza kusema mambo mawili: "bidhaa hii imetoka kwa fulani" na "mimi ni mpenzi wa fulani." Ya kwanza tunapendekeza iitwe ashirio la asili, na ya pili ashirio la mapenzi. Mgogoro mzima umo katika tofauti ya maneno haya mawili, na anayezitafsiri hukumu hizo kwa neno moja la "utambulisho" anauficha.

3. Leseni ya nani?

Neno leseni limekwisha kuzoeleka, lakini kwa raia wa kawaida leseni hutolewa na Serikali: leseni ya udereva, leseni ya biashara. Hata jina la Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni linabeba maana hiyo, ingawa ndiyo ofisi inayosajili alama za biashara Tanzania Bara. Leseni tunayoizungumzia hapa ni nyingine. Ni ruhusa ya mwenye mali kwa mtu mwingine, na Serikali si upande katika mkataba. Mchapaji mwenye leseni halali ya biashara kutoka halmashauri yake aweza kudhani kwamba sasa ana ruhusa ya kuchapa jina lolote. Kisha akashangaa kushtakiwa, na mzigo wake wa fulana ukashikwa kama bidhaa bandia. Tunapendekeza basi kwamba istilahi kamili, leseni ya alama, itumike kila mara, na neno "leseni" peke yake liachiwe Serikali.

Wahusika wawili waitwe mtoa leseni na mpewa leseni. "Mwenye leseni" halifai, kwani halisemi ni yupi kati ya wawili hao. Pale ambapo chuo kimeahidi kutompa mtu mwingine yeyote, "leseni ya pekee" huacha shaka kama chuo chenyewe kimezuiwa au la. Ni afadhali mfasiri aeleze kwa maneno kamili kuliko kuibua kesi kwa ufupi.

4. Mrabaha

Malipo ya mpewa leseni ni mrabaha, neno lililotoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kupata faida. Waandishi na wachimba madini wanalifahamu. Lakini asili yake isitupotoshe: katika mikataba hii mrabaha kwa kawaida hukatwa katika mauzo, si katika faida. Tuchukue mfano. Mchapaji ameuza fulana 500 kwa bei ya jumla ya shilingi 12,000 kila moja, na mrabaha ni asilimia 10. Mauzo ni shilingi 6,000,000, na chuo kinastahili 600,000. Ikiwa mfasiri ameandika "faida", na faida ya kila fulana ni shilingi 2,000, chuo kitapata 100,000 tu. Neno moja limekula shilingi 500,000.

Pamoja na hayo, tutofautishe bei ya jumla na bei ya rejareja, na mauzo ghafi na mauzo halisi, yaani yaliyobaki baada ya kuondoa bidhaa zilizorudishwa. Malipo ambayo mpewa leseni hutoa hata asipouza kitu yaitwe kima cha chini cha mrabaha.

5. Usimamizi

Mtoa leseni asiyesimamia ubora aweza, katika sheria ya Marekani, kuipoteza alama yake kabisa. Mkataba wa namna hiyo tunapendekeza uitwe leseni isiyo na usimamizi. Usimamizi wenyewe umepanuka na kuwafikia wafanyakazi. Mwaka 2000 iliundwa jumuiya ya kuchunguza haki za wafanyakazi wanaoshona mavazi ya vyuo. Mwaka 2009 kampuni ya Russell Athletic ilifunga kiwanda chake nchini Honduras baada ya wafanyakazi kuunda chama. Vyuo vikuu vingi vilikatisha leseni, na mwezi Novemba mwaka huohuo kampuni ilikubali kuwarudisha kazini. Masharti yaliyowaokoa wafanyakazi hao yalikuwa sentensi chache ndani ya mkataba wa fulana. Tunapendekeza yaitwe kanuni za utu kazini, na yafasiriwe kwa uangalifu uleule unaotolewa kwa kifungu cha fedha.

Hatudai kwamba mapendekezo haya ni ya mwisho. Walimu wayajaribu darasani, wafasiri wayapime kazini, na maafisa watueleze yanaposhindwa kueleweka na mwananchi. Kipimo cha istilahi hizi ni kimoja: mchapaji wa fulana aliyeletewa mkataba ausome kwa Kiswahili na aelewe, kabla ya kutia sahihi, anapewa nini na anadaiwa nini.