Kwa Nini Programu Jalizi Hugoma katika Linux ya Zamani, na Namna ya Kuzirejesha

Kompyuta iliyosakinishiwa mfumo endeshi wa Linux miaka kumi na mitano iliyopita yaweza kuendelea kutumika bila tatizo: huwaka, huandika barua, huchapa mitihani. Taabu huanza pale mwalimu wa fizikia anapofungua jaribio lililotengenezwa kwa Flash, au karani anapofungua fomu ya zamani iliyojengwa kwa Java, na mahali palipostahili kuonekana mchoro pakatokea mraba wa kijivu pamoja na ujumbe kwamba programu jalizi haipo. Hapo wengi huamua kuwa kompyuta imekufa na kuiweka stoo. Uamuzi huo mara nyingi huwa wa haraka mno, kwa kuwa kilichokosekana huenda ni faili moja tu, au faili hilo lipo lakini kivinjari hakilitambui.

Programu jalizi haifanani na kiendelezi, ingawa watu huyachanganya maneno hayo. Kiendelezi huandikwa kwa lugha zile zile zinazotengeneza kurasa za wavuti na hufanya kazi chini ya masharti ya kivinjari. Programu jalizi ni maktaba ya msimbo wa mashine, faili ambalo jina lake katika Linux huishia na .so, na kivinjari hulipakia likafanya kazi kwa mamlaka yote aliyonayo mtumiaji. Utaratibu huo, uitwao NPAPI, ulianzishwa na kampuni ya Netscape katikati ya miaka ya 1990, na kwa miaka ishirini hivi ndio uliobeba Flash, Java na programu nyingine za aina hiyo.

Jambo la kwanza la kukagua ni mahali faili lilipo. Firefox hutafuta programu jalizi katika folda ya .mozilla/plugins iliyo ndani ya folda binafsi ya mtumiaji, na pia katika /usr/lib/mozilla/plugins inayowahusu watumiaji wote. Baadhi ya mifumo ya biti 64, ikiwamo Fedora, hutumia /usr/lib64/mozilla/plugins. Faili la Flash huitwa libflashplayer.so, na likiwekwa penginepo ni kama halipo. Baada ya kuliweka, kivinjari hufungwa na kufunguliwa upya, kisha maneno about:plugins huandikwa katika sehemu ya anwani. Ukurasa unaofunguka huorodhesha kila programu jalizi iliyotambuliwa.

Ikiwa faili liko mahali pake na bado halimo katika orodha, sababu ya kawaida ni kutolingana kwa biti. Kivinjari cha biti 64 hakiwezi kupakia programu jalizi ya biti 32, wala kinyume chake, na mara nyingi hakimwelezi mtumiaji sababu. Amri ya "uname -m" huonyesha aina ya mfumo: jibu la x86_64 ni biti 64, na la i686 ni biti 32. Amri ya "file" ikifuatwa na jina la faili huonyesha aina ya programu jalizi yenyewe. Tatizo hili liliwasumbua sana watumiaji wa Linux, kwa kuwa Adobe, kampuni iliyomiliki Flash, haikutoa toleo kamili la biti 64 hadi Flash 11, mwezi Oktoba 2011. Kabla ya hapo wengi walitegemea programu iitwayo nspluginwrapper, iliyosimama kama mkalimani kati ya kivinjari cha biti 64 na programu jalizi ya biti 32. Katika matoleo ya zamani bado inafanya kazi hiyo. Amri ya tatu, "ldd", hutaja maktaba ambazo faili linazihitaji. Palipoandikwa "not found" ndipo penye pengo la kuzibwa.

Java ina mtego wake, nao umewapotezea mafundi saa nyingi. Faili la libnpjp2.so halipaswi kunakiliwa katika folda ya programu jalizi. Hutafuta maktaba nyingine za Java kwa kuanzia pale lilipo, hivyo likihamishwa hupoteza njia na huweza kukiangusha kivinjari. Linalotakiwa ni kuliacha mahali pake na kutengeneza kiungo kwa amri ya "ln -s".

Kupata vifurushi ni shida nyingine. Toleo la Ubuntu likimaliza muda wake wa kuhudumiwa, vifurushi vyake huondolewa katika seva za kawaida na kuhamishiwa old-releases.ubuntu.com. (Jina Ubuntu, kwa wasiojua, lina asili moja na neno la Kiswahili "utu".) Anwani hiyo huingizwa katika faili la /etc/apt/sources.list badala ya ile ya awali. Vifurushi vya Debian ya zamani viko archive.debian.org, na vya CentOS viko vault.centos.org. Hata hivyo, kifurushi cha Ubuntu kiitwacho flashplugin-installer hakikubeba Flash yenyewe, bali maelekezo ya kuipakua kutoka nje. Kwa hiyo usakinishaji waweza kuonekana umeanza vizuri na kukwama katikati.

Kivinjari nacho lazima kiwe cha umri unaofaa. Chrome ya Linux iliacha kupokea programu jalizi za NPAPI kuanzia toleo la 35, Mei 2014. Firefox 52, iliyotoka Machi 2017, ilizikataa zote isipokuwa Flash, ingawa tawi lake la huduma ya muda mrefu liliendelea kuipokea Java hadi 2018. Firefox 85, Januari 2021, iliifunga mlango Flash nayo.

Adobe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 matoleo yake ya mwisho hukataa kuonyesha chochote hata yakiwa yamesakinishwa sawasawa. Wapo wanaorudisha nyuma saa ya kompyuta ili kuyahadaa. Ujanja huo ni mbaya, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti hukaguliwa kwa saa hiyo hiyo, na tovuti zilizo salama huanza kukataliwa. Njia iliyowekwa kwa ajili ya taasisi ni faili la /etc/adobe/mms.cfg, ambamo huandikwa EnableAllowList=1, kisha katika mstari wa AllowListUrlPattern hutajwa anwani inayoruhusiwa.

Anwani hiyo iwe ya ndani ya taasisi, si ya intaneti nzima. Flash na programu jalizi ya Java zilikuwa miongoni mwa milango iliyopendwa sana na wavamizi wa mitandao, na sasa Adobe haizibi tena nyufa mpya za Flash. Kivinjari cha zamani chenye programu jalizi hakifai kabisa kufungulia barua pepe wala huduma za benki. Kitengewe akaunti yake katika kompyuta, au kompyuta isiyounganishwa na mtandao.

Kwa mwalimu wa fizikia ipo njia iliyo nyepesi zaidi. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ambao majaribio yake mengi ya awali yalikuwa ya Java na Flash, umekwisha kuyaandika upya mengi kwa HTML5 isiyohitaji programu jalizi. Yapo yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na yaweza kupakuliwa na kutumika bila intaneti. Kwa mafaili ya Flash ambayo hayajapata mbadala, programu huria ya Ruffle huyaigiza ndani ya kivinjari cha kisasa, na mwenye tovuti akiisakinisha katika seva yake, msomaji hahitaji kusakinisha kitu. Kompyuta ya biti 32 yenye kumbukumbu ya kutosha bado yaweza kupewa Debian 12, iliyotoka 2023, na kupata kivinjari cha kufungulia majaribio hayo.