Ngome ya Mombasa na Mchele wa Pemba

Wasikilizaji wetu wa Kojani, wavuvi wa kwenu waendao dago pwani ya Kenya waijua Ngome ya Yesu, iliyo mlangoni mwa Bandari ya Kale ya Mombasa. Wengi huiona kutoka chomboni tu, wakapita. Leo twawaalika mwingie ndani pamoja nasi, kwani habari zake zaihusu Pemba.

Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe. Pembe zake zimetokeza nje, ili mizinga ipate kumpiga adui aukaribiaye ukuta kwa upande wo wote. Ni kazi ya akili nyingi, twakiri. Lakini ukuta hauliwi. Mchele na ng'ombe waliowalisha watu wa Mombasa walitoka Pemba.

Mwezi wa Machi 1696 Waarabu wa Omani waliizingira. Maradhi yaliingia ndani, hata mwaka 1697 Wareno wakawa karibu kwisha, na aliyeishika ngome alikuwa Bwana Daudi wa Faza pamoja na Waswahili wenzake. Ilianguka Desemba 1698, baada ya miezi 33.

Baadaye Wamazrui walitawala Mombasa, na Pemba pia. Katika miaka ya 1820 majeshi ya Sayyid Said yaliwanyang'anya Pemba, yaani ghala lao la chakula; na mwaka 1837 ngome yenyewe ikaingia mikononi mwake.

Tangu 1895 hata 1958 ilikuwa gereza. Mwaka 1960 ilifunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia. Humo vimewekwa vitu vilivyotolewa katika Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Ziko pia picha za vyombo walizochora Wareno ukutani. Mvuvi wa Kojani na asimame hapo, apime tanga na milingoti. Pengine ataona kosa ambalo sisi tusio mabaharia hatulioni.

Wala asitoke kabla ya kuitazama njia iliyochongwa mwambani kushukia baharini. Maji yaliyo mbele yake ndiyo yaliyopitwa na vyombo vya Pemba, vikija kutoka kusini na shehena ya mchele.